Majina Yaliyorudi Hewani

Hotuba ya Fundi Mabruki Idrisa siku ya kufunguliwa Chumba cha Habari cha Shamimu, Redio Mpagazi, Tabora

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Redio Mpagazi. Masheikh wetu, mapadre wetu na wachungaji wetu wa Moravian. Mhariri mkuu, ndugu Vedasto, na waandishi wote wa redio hii. Waandishi mliotoka redio nyingine kuja kuona kama kweli tunajivuna kwa haki. Wazee wa mji, wakulima wa tumbaku, warina asali, akina mama wa sokoni. Na ninyi wasikilizaji mnaotusikia sasa hivi moja kwa moja, Usoke, Ipole, Bukene na kila kibanda chenye redio inayokoroma: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Mwangaluka.

Yupo mtu mmoja nimemwacha kwa makusudi ili nimtaje peke yake. Shemeji yangu, Bi. Mwanamkuu binti Abdulatifu, uliyetoka Bukene na basi la alfajiri: shikamoo. Nilikuwekea kiti mstari wa mbele, nawe umekaa mstari wa nne, karibu na mlango. Nimekuona. Hapo hapo panatosha, sauti itafika.

Mimi ni fundi nguo. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo maneno yangu mengi nimeyasema nikiwa na pini mdomoni. Ndugu Vedasto aliponijia dukani Gongoni kuniomba nizungumze leo, nilimwambia, "Mwanangu, mbele ya wasomi nitasema nini?" Akasema, "Zungumza kuhusu Bi. Shamimu." Nikamwambia, "Nikimwanza Bi. Shamimu sitamaliza." Akajibu, "Basi utamaliza Mkuu wa Wilaya atakapoguna." Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukiguna nitaelewa.

Marehemu Shamimu alikuwa mke wangu kwa miaka thelathini na minne. Kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo alisoma matangazo ya vifo ya redio hii, kila siku saa sita na dakika arobaini na tano mchana. Wengi wenu hamkuwahi kumwona uso, lakini sauti yake ilikuwa inaingia nyumbani kwenu bila kubisha hodi. Viatu alivivua nje ya mlango wa studio, akisema habari ya msiba haisomwi na mtu aliyevaa viatu vyenye vumbi la soko. Penseli aliichomeka ndani ya ushungi. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja uliovunjika, nikaufunga kwa uzi mweusi namba arobaini, na alipopata miwani mpya aliikataa, akasema ile ya uzi inamjua.

Na alikuwa na benchi. Mtu akileta tangazo, awe ametoka hapa Isevya au ametembea kutoka mbali, Shamimu alimwambia neno moja: "Kaa, nikusomee." Analisoma tangazo lote mbele ya aliyelileta, jina kwa jina, polepole, kabla halijaenda hewani. Siku moja alikuja dereva wa lori ana haraka zake. "Mama, utingo ananipigia honi, gari linaniacha." Shamimu akamwambia, "Gari litarudi. Shangazi yako uliyemsahau humu hatarudi." Yule dereva akashangaa. "Umejuaje kwamba nimemsahau shangazi?" "Kila mtu husahau shangazi," akasema Shamimu, akachomoa penseli.

Ndugu zangu, mgeni akisikia matangazo yetu anaweza kujiuliza: hii orodha ndefu ya nini? Marehemu si ameshatajwa? Kwa nini tena "habari zimfikie fulani wa Usoke, na fulani wa Ipole, na fulani aliye Bukene"? Sisi tunajua. Jina lako likitajwa, umeambiwa kwamba mkeka umetandikwa na nafasi yako iko juu yake. Unaweka jembe chini, unafunga duka, unaondoka. Na jina lako lisipotajwa? Hapo ndipo penye hadithi yangu ya leo, na sitaificha, kwa sababu chumba hiki tunachokifungua kimejengwa juu yake.

Miaka miwili iliyopita na ushei, redio yetu ilianza kutumia akili mnemba. Wakubwa wana maelezo yake marefu. Mimi nasema nilichokiona. Ni mashine ya kompyuta unayoipa sauti ikaandika, unayoipa karatasi mia nne ikakwambia zimesema nini. Waandishi wetu walikuwa wanne, na wilaya ni nyingi. Mikutano ya halmashauri ilikuwa inapita bila mtu wa redio, na taarifa za mvua ya mawe zinafika tumbaku ikiwa imeshalala chini. Mashine ikawapa mikono ambayo hawakuwa nayo. Mtu wa kijijini akaweza kutuma tangazo kwa sauti ya simu, bila nauli, na dakika moja baadaye limeandikwa. Ni jambo la kusikitikia hilo? Hata kidogo. Shamimu wangu, presha ikiwa imeshaanza kumsumbua, alikaa mbele yake siku nzima akiijaribu. Jioni akaniambia, "Inajua Kiswahili kuliko mhariri wangu." Samahani, ndugu Vedasto, ni maneno ya marehemu.

Lakini akasema na jingine. Meza ya kompyuta ilihitaji nafasi, benchi likatolewa, likawekwa koridoni chini ya ndoo za usafi. Shamimu akaniuliza, "Sasa, Mabruki, watu watakaa wapi?" Nilidhani anauliza habari ya viti. Nikamwambia nitamshonea mito.

Shamimu alifariki alfajiri ya Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Nilifanya kama kila mtu alivyokuwa anafanya siku hizo: nilitoa simu nikatuma tangazo kwa sauti. Nililia kidogo, nikalirudia, nikalituma. Shemeji nilimpigia mara mbili, simu haikupatikana. Sikuhangaika, nikajisemea, tangazo halijawahi kumkosa Mwanamkuu. Ana redio pembeni ya karanga zake, na hakuna saa sita na dakika arobaini na tano iliyompita bila kumsikiliza mdogo wake.

Siku ile matangazo yalikuwa mengi na muda ni ule ule. Mashine ilikuwa imeambiwa kwamba kila tangazo lisizidi sekunde arobaini. Ikatii. Ilibakiza jina la Bwana Mustafa wa Usoke, jina la Bwana Abbasi wa Ipole, ambao ni kaka za marehemu, na majina mengine yote ikayakusanya katika sentensi moja safi, isiyo na kosa: "na ndugu wengine wote popote walipo." Msomaji akaisoma kama ilivyo. Hakuna aliyekaa kwenye benchi, na mimi mwenye tangazo sikusikia.

Kwa nini sikusikia? Hili nimelisema kwa Mungu wangu na leo nalisema kwenu. Kwa miaka ishirini na miwili, ikifika saa hiyo, nilikuwa nasimamisha mguu kwenye cherehani ili nimsikie mke wangu. Siku ile, dakika moja kabla, nilinyoosha mkono nikazima redio. Sikuweza kuisikia saa yake ikiwa na sauti ya mtu mwingine. Ningeiacha, ningesikia kosa, ningekimbia hadi hapa hata bila viatu. Kwa hiyo ndugu zangu, tunapohesabu nani alikosea, anzeni na mimi.

Bukene, shemeji alisikia.

Lazima niwaambie Mwanamkuu ni nani. Mama yao alikufa Shamimu akiwa na miaka miwili na Mwanamkuu ana kumi na mmoja. Mwanamkuu akambeba mgongoni. Alikwenda naye mpaka shuleni, amemfunga kwa kanga, na mtoto alipolia darasani mwalimu akamwambia achague. Akachagua mgongo. Shamimu alijifunza kusoma. Mwanamkuu akajifunza kuuza karanga na mchele pale stesheni. Mtu huyo ndiye aliyeketi siku ile akasikia kaka wa kwanza ametajwa, kaka wa pili ametajwa, na yeye amewekwa kwenye "popote walipo". Baadaye alisema maneno ambayo hayajanitoka kichwani. "Mimi sijapotea," alisema. "Mimi niko Bukene."

Hakuja. Sisi huku tulimsubiri. Kesho yake saa nne asubuhi mwili umeshaoshwa, sheikh akaniuliza kwa upole, "Fundi, tunasubiri nini?" Nikasema, "Dada yake." Saa tano akaniuliza tena, nikajibu lile lile. Tukaswali Dhuhuri, nikatazama barabara ya stendi kwa mara ya mwisho, tukazika. Moyoni nikasema, Mwanamkuu amenidharau. Naye kule moyoni akasema, Mabruki amenifuta. Idi nne zimepita hatujapelekeana hata salamu. Watu wawili tuliompenda mtu mmoja, kila mmoja ameshika ncha yake ya kitambaa, anavuta.

Sasa nije kwenye ushindi, maana leo sikuja kulia. Kulia nimelia vya kutosha na cherehani yangu ni shahidi.

Ushindi wa kwanza una jina, na jina lake ni Consolatha. Simama, binti, wakuone. Ndiye mwandishi mdogo kuliko wote hapa. Alipewa kazi ya kuifundisha mashine majina ya kwetu, kwa sababu ilikuwa inayajua ya miji ya mbali, ya Kinyamwezi na Kisukuma ikiyasikia inababaika kama mgeni aliyeshuka treni usingizini. Akaja dukani. "Shikamoo, baba. Nasikia mama aliacha madaftari." Kweli aliacha. Madaftari thelathini na moja, kila tangazo alilowahi kusoma kaliandika kwa mkono wake, kwa miaka ishirini na miwili, majina na vijiji vyake. Niliyafunga kwenye kanga yake nikayaweka sandukuni. Nikamwambia Consolatha, "Hayatoki humu." Hakubishana. Akasema, "Basi nitayafuata humo humo, baba. Nipe kigoda."

Wiki tisa alikaa kwangu, kati ya meza ya pasi na mlango, akiisomea simu yake majina hayo. Wateja wangu wakawa walimu. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni, akamsikia, akaweka pochi chini. "Wee binti, huyo unayemsoma ni mjomba wangu. Usimtaje kama jina la dawa." Consolatha akarudia mara nne mpaka mjomba akakaa sawa. Gauni lile mama alilisahau, akalifuata kesho yake.

Akiwa katikati ya kazi hiyo, Consolatha alifanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alijiuliza: kama mashine haiyajui majina yetu, yale tuliyokwisha kuipa iliyafanya nini? Akaiagiza ilinganishe kila sauti tuliyotumiwa na kila tangazo lililosomwa hewani tangu siku ya kwanza. Mtu angehitaji miezi. Mashine ilimaliza kati ya chakula cha mchana na alasiri. Matangazo sitini na matatu yalikuwa yamekatwa. Majina yaliyopotea yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Na tangazo la kumi na saba lilikuwa langu.

Alikuja dukani asikae. Akasema, "Baba, naomba usikilize," akaniwekea sauti. Nikajisikia nikisema, na mafua ya kilio: "Habari zimfikie kwanza dada yake, Mwanamkuu, wa Bukene." Halafu akanionyesha kilichosomwa. Nilikuwa nimeshika mkasi juu ya kitambaa cha sare ya kwaya. Sikumbuki kukikata, lakini mkasi ulikikata. Mwalimu wa kwaya yuko hapa. Alinisamehe na bado anadai waimbaji wake hawajawahi kupendeza kama walivyopendeza na ule mkono mfupi.

Ndugu waandishi mliotoka redio nyingine, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Mhariri akipelekewa karatasi kama ile, anafanya nini? Anaweza kuifungia kwenye droo. Nani angejua? Vedasto hakufunga droo. Siku iliyofuata, saa sita na dakika arobaini na tano, alikaa mwenyewe mbele ya kipaza sauti akasema: "Tulikata majina yenu. Mashine ilifanya tulichoiambia, nasi hatukusoma ilichoandika. Kosa ni letu, na kwa wiki nzima tutayasoma majina yote." Wakayasoma. Sokoni watu waliacha kupima mchele. Majina tisa kati ya yale, wenyewe walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, wakasomewa watoto wao. Mtoto wa mmoja wao alituma ujumbe wa maneno mawili tu: "Amefika sasa."

Mimi nimeona watu wengi wakisifiwa kwa kutokosea. Leo namsifu mtu aliyekosea, akakubali kosa kwa sauti ile ile na saa ile ile aliyokosea.

Na Consolatha akapanda basi kwenda Bukene. Shemeji, nisahihishe nikikosea, mimi nasimulia nilivyosimuliwa. Alimkuta na sinia yake. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Karanga au mchele?" "Nimetumwa na Redio Mpagazi." "Redio haina habari na mimi. Mimi ni ndugu wengine." Consolatha akaweka ile sauti yangu. Mwanamkuu akasikiliza mpaka mwisho. "Rudisha," akasema. Ikarudishwa. "Rudisha." Mara ya tatu akasema, "Ndiye huyo Mabruki. Hata akilia anashika pumzi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano." Kisha akafunga karanga kwenye karatasi, akampa. "Mpelekee. Mwambie sijasema kitu."

Zile karanga nilizila zote peke yangu, siku tatu, nikizihesabu moja moja. Lakini mwenye karanga hakuja.

Baba yangu alikuwa mshonaji wa kanzu kwa mkono. Cherehani zilipoenea mjini hapa, wazee wenzake walisema ufundi umekufa. Yeye aliizunguka ya jirani siku mbili, akaigusa gurudumu, akasema, "Hii inashona. Haipimi." Akanunua yake, na mpaka anakufa kamba ya kupimia ilikuwa shingoni mwake. Ndicho ninachokiona humu ndani. Mashine inashona, tena kwa kasi ya ajabu. Kumpima mtu bega, kujua huyu ni dada na yule ni jirani, kujua anayestahili kutajwa kwanza ni yule aliyebeba mgongoni, hiyo kamba iko shingoni mwenu, waandishi. Msiivue.

Na hawakuivua. Utaratibu wao wa sasa ni mwepesi. Mashine inaandika. Ikimaliza inalinganisha sauti na maandishi, na kama kuna jina limebaki nje inasimama na kuuliza. Kisha mwandishi anampigia aliyetuma, au anamkalisha kama yuko hapa, na kusema: "Kaa, nikusomee." Wanafanya hivyo kwa matangazo ya vifo, wanafanya hivyo kwa taarifa za tumbaku, wanafanya hivyo kwa diwani aliyesema jambo kikaoni na kutamani asingelisema. Benchi lile lile, mnaliona pale chini ya dirisha, limetoka chini ya ndoo. Mito nimeshona mimi, na mapazia haya ya kuzuia mwangwi nimeshona mimi, na kama yamepinda upande mmoja, ni ukuta.

Unataka kujua kama inafaa? Muulize Yoramu, yule pale mwenye koti la kahawia. Masika yaliyopita mama yake, Mama Agnetha, alifariki Usoke. Jirani akatuma tangazo. Mashine ikaliandika bila kosa, kwa sababu sauti na maandishi vililingana. Ingekuwa zamani, lingekwenda hewani. Lakini Consolatha alimpigia jirani akamsomea, na jirani akamkatiza katikati. "Ngoja kwanza. Nimemsahau Yoramu. Yuko porini Ipole, anarina asali." Yoramu alikuwa ndani ya msitu siku ya nane, simu haishiki, redio yake ndogo ameining'iniza kwa kamba kwenye tawi. Akasikia jina lake kutoka juu ya mti. Alitembea, akapanda baiskeli, akapanda lori, na alipofika kanisani walikuwa wanaimba wimbo wa mwisho. Alilibeba jeneza la mama yake kwa bega lake. Leo ameleta dumu la asali, liko pale nje. Mheshimiwa, usiondoke bila kuonja.

Ndugu zangu, tunaishi juu ya njia ya zamani ya misafara. Mababu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka hapa mpaka pwani, na sifa ya Mnyamwezi iliyovuka nchi ilikuwa kwamba mzigo unafika. Alichoka, aliumwa mabega, lakini hakufungua mzigo njiani akapunguza ili uwe mwepesi. Ndiyo maana redio hii iliitwa Mpagazi. Kuna siku tulipunguza mzigo. Tukarudi nyuma, tukaokota kimoja kimoja, mia mbili na kumi na vinne, tukavifikisha. Mwezi uliopita redio sita za mikoa mingine zilileta watu wao hapa Tabora kujifunza tunavyofanya kazi na akili mnemba. Walidhani wataonyeshwa kompyuta. Wakaonyeshwa benchi. Wakacheka, wakakaa, wakasomewa, na walipoondoka wawili kati yao walipiga picha ya benchi na kuuliza fundi wake ni nani.

Na mashine yenyewe sasa inayajua majina yetu kwa sababu ya mwanamke aliyeandika kwa penseli miaka ishirini na miwili bila kujua anamwandikia nani. Naona pale ukutani inaandika maneno yangu ninavyoyasema. Nimekohoa mara mbili, haijaandika. Ina adabu.

Nimebakiwa na jambo moja, Mheshimiwa, nawe hujaguna, nakushukuru.

Katika ile wiki ya majina yalisomwa matangazo sitini na mawili. La kumi na saba halikusomwa. Nilimwomba Vedasto asilisome. Shemeji alikuwa amemwambia Consolatha kwamba Tabora atakanyaga siku atakayoitwa kwa jina lake, na mimi sikutaka aitwe na mtu mwingine. Consolatha akampelekea habari kwamba siku hiyo ni leo. Kwa hiyo tangazo la kwanza kutoka katika Chumba cha Shamimu ni lile ambalo halijawahi kusomwa kama lilivyoletwa. Asubuhi hii Consolatha alinikalisha pale. "Kaa, baba, nikusomee." Akasoma. Nami nikamwambia, ngoja, nimemsahau shangazi.

Nimevua viatu. Nasoma.

"Fundi Mabruki Idrisa wa Gongoni, Tabora, anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpenzi, Bi. Shamimu binti Abdulatifu. Habari zimfikie kwanza dada yake, Bi. Mwanamkuu binti Abdulatifu, wa Bukene, pale stesheni, aliyembeba. Habari ziwafikie pia kaka zake, Bwana Mustafa wa Usoke na Bwana Abbasi wa Ipole. Shangazi yake, Bi. Shamila wa Isevya. Na wote waliomsikia saa sita na dakika arobaini na tano. Mazishi yalishafanyika. Kwenda kaburini ni leo baada ya Alasiri. Anayesubiriwa ni dada yake."

Shemeji, habari zimekufikia?

Ndugu wasikilizaji msiotuona, amesimama. Watu wa mstari wa tatu wanampisha. Anakuja mbele. Amevaa kanga ya marehemu, ile ya zambarau. Sikujua kama anayo. Amefika kwenye benchi. Amekaa.

Anasema zimemfikia.

Kwa redio hii, kwa vijana hawa, na kwa masikio yenu mliyonipa mchana huu, nawashukuru. Sasa niruhusuni nivae viatu, tuna safari.